Sikio la Kulia

Mbeya nzima hakuna mtu aliyekuwa akishukuru kabla ya kuwasha kompyuta kama Sayi binti Budeba. Wenzake pale studio, mtaa wa Soweto, walifika asubuhi, wakabonyeza, wakaanza kuulaumu umeme. Yeye alikaa, akafumba macho, midomo ikacheza kidogo, ndipo akabonyeza. Gwakisa, mwenye studio, Mnyakyusa asiyejua kunong'ona, hakumwacha salama.

"Sayi, ukimaliza hapo iombee na feni ya mashine. Imeanza kukohoa."

Sayi alikuwa na yake ya kushukuru. Amekulia Usangu, nyuma ya mikia ya ng'ombe, vumbi mpaka kwenye kope, na leo analipwa kwa kufuta nguzo za umeme angani, kumnyeshea mvua mwigizaji aliyerekodiwa jua likiwaka, na kumtoa kwenye picha yule jamaa ambaye kila filamu ikipigwa Iyunga lazima apite nyuma akipunga mkono kwa watu asiowajua. Filamu na matangazo vilimfikia vikiwa vibichi, vikatoka kwake vimeiva. Na nusu ya alichokijua amefundishwa na huyuhuyu Gwakisa wa kelele, aliyempokea katoka chuoni Iringa na cheti ambacho kila ofisi ilikuwa imekitazama na kumrudishia.

Basi mwaka huu, mvua zilipokatika, akaja Hamza. Huyu alikuwa mtu wa Iringa mjini, wa ukoo wa wafanyabiashara, kanzu siku ya Ijumaa na simu mbili siku zote. Alisimamia matangazo ya kiwanda kipya cha maziwa, na alichotaka kilikuwa kimoja tu.

"Ng'ombe," alisema. "Wajae. Wajae mpaka mtazamaji akose pa kuweka jicho."

"Watajaa," Gwakisa akajibu kabla hajajua watatoka wapi.

Sayi akasema ng'ombe wako kwao. Alisema kwa kujidai kidogo, ukweli usemwe. Baba yake, Mzee Budeba, alishuka Usangu kutoka Usukumani na kundi ambalo watu walikuwa wakisimama kando kulipisha. Mtoto wa mtu kama huyo akitafutiwa ng'ombe wa tangazo kwa jirani, si aibu hiyo?

Walipokwenda kupiga picha, ng'ombe waliotolewa zizini hawakuzidi vidole vya mikono. Sayi akamtazama baba yake. Mzee akatazama mbuga.

"Wengine wako Chunya kwa mjomba wako," alisema. "Kule nyasi ni nzuri."

Ni desturi ya Wasukuma kuwagawa ng'ombe kwa ndugu, ili ugonjwa ukipita usikute wote mahali pamoja. Sayi hakuuliza tena. Kamera ikapiga hao waliokuwepo, na kazi ya kuijaza mbuga ikabaki kwake.

Aliifanya kwa mapenzi. Alimkata kila ng'ombe kwenye picha kwa uangalifu, pembe, mkia, mpaka nzi, akamrudia na kumrudia, wa mbali akampunguza, wa karibu akamwekea vumbi miguuni. Lakini ukimrudia ng'ombe yuleyule mara nyingi, jicho la mtazamaji linashtuka. Dawa yake kila mhariri anaijua: unamgeuza, kama anavyogeuka mtu kwenye kioo. Aliyetazama kushoto anatazama kulia, na hapo hapo umepata ng'ombe mwingine bila kumlisha. Sayi akageuza, akageuza. Hamza alipoletewa tangazo alipiga kelele kwenye simu mpaka Gwakisa akaisogeza mbali na sikio, na Gwakisa si mtu wa kukimbia kelele.

Tangazo likaingia kwenye televisheni, likaingia kwenye simu za watu. Siku chache baadaye mama yake Sayi, aliyeitwa Yunisi, akapiga. Mama Yunisi hakuwa mtu wa kupiga simu mchana. Vocha yake ilikuwa ya jioni, baada ya kazi.

"Mayu," alisema, kwa neno la Kisukuma la mama, ambalo kwao mzazi humwita hata binti yake kwa upendo. "Baba yako kaitwa na sungusungu wa kijiji. Wanasema kaiba ng'ombe wa Nashoni."

"Nani kasema?"

"Nashoni mwenyewe. Kawaona kwenye tangazo lako."

Mzee Nashoni hakuwa jirani wa kawaida. Yeye na Budeba walihama pamoja, wakala vumbi la njia moja, na walipofika Usangu ng'ombe wao walichungwa pamoja. Ili wasichanganyikiwe wakati wa kuwatenga, marafiki hao walichagua alama moja, pengo dogo la kisu kwenye sikio. Wa Budeba walikatwa sikio la kushoto. Wa Nashoni, la kulia. Na kiangazi kilichopita Nashoni aliibiwa ng'ombe malishoni, akiwamo jike mmoja mweupe mwenye baka jekundu ubavu wa kulia.

Sayi akafungua kazi yake. Akavuta picha karibu, karibu zaidi. Jike wa baba yake, ndugu wa baba mmoja na yule aliyeibiwa, alikuwa na baka ubavu wa kushoto na pengo kwenye sikio la kushoto. Pale alipomgeuza, baka lilihamia kulia, na sikio nalo likahamia kulia. Mbugani kwa Budeba, mbele ya Tanzania nzima, walikuwa wanatembea ng'ombe wa Nashoni.

Mhariri wa Dar angefanya kosa hilohilo na asilaumiwe na mtu. Lakini yeye! Mtoto wa mfugaji, aliyeshika masikio ya ndama kisu kikipita, kageuza ng'ombe kama anageuza chapati!

Akalia. Gwakisa, aliyekuja kuuliza habari za kazi nyingine, akavuta stuli na kukaa mpaka akasimuliwa yote. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane akaongea kwa sauti ya chini.

"Wakimwona na hatia, wanamfanya nini?"

"Wanamtenga. Hakuna mtu kumsalimu, kumpa moto, wala kumchotea maji. Msiba ukitokea kwetu hakuna wa kushika jembe. Bosi, baba yangu ni mzee. Atakufa na neno mwizi."

"Sasa si uende ukawaonyeshe hao ng'ombe ni wa kompyuta?"

"Kazi ni ya mteja. Hamza akisikia nimewafungulia watu, nikawaonyesha kundi lake ni la uongo..."

Gwakisa alishatoa simu. Akamweleza Hamza yote, na sasa sauti ilikuwa imerudi mahali pake, majirani wakasikia. Kisha akaiweka simu mezani ili Sayi naye asikie. Hamza akaguna.

"Dada Sayi, mimi nauza maziwa, siuzi ng'ombe. Mzazi ni mzazi. Nenda ukamtoe baba yako, na ukifika mpe salamu zangu, mwambie Hamza anaomba radhi kwa usumbufu. Lile tangazo nalisimamisha mpaka uliweke sawa."

Sayi alimshukuru Mungu kwa ajili ya Hamza, kwa simu zake mbili na majivuno yake yote. Kesho yake asubuhi akapanda gari la Gwakisa, kompyuta imefungwa kwenye khanga mapajani kama mtoto mgonjwa. Igurusi wakaiacha lami, wakaingia kwenye tope lililoanza kukauka, na Gwakisa akaimba njia nzima ili yeye asifikiri.

Nyumbani walimkuta Mzee Budeba uani, anakaza boliti za plau. Sayi akapiga goti kumwamkia, na machozi yakaanza upya.

"Baba, ni mimi nimekosea. Niliwageuza."

"Nilijua," mzee akasema. "Nilipoonyeshwa tu nilimjua jike wangu. Nikaona sikio, nikajua ni mambo yenu ya mashine."

"Sasa mbona hukuwaambia?"

"Niwaambieje? Niwaambie mwanangu kazi yake ni kudanganya watu?" Akaendelea kukaza boliti. "Nimewaambia sijaiba. Inatosha."

Haikutosha, na wote wawili walijua. Shauri lilipangwa mchana uleule. Mama Yunisi akamwita Sayi jikoni, akajifanya anamtafutia uji, kisha akafunga mlango.

"Utawaonyesha nini?"

"Nitawazima wale ng'ombe wa bandia, mama. Mmoja mmoja, wabaki wa kweli."

Mama akakaa chini. "Basi wataona tuna wangapi."

"Si watajua wengine wako Chunya."

"Sayi. Chunya hakuna ng'ombe hata mmoja."

Mama alisema taratibu, bila kulalamika. Mjomba alikuwa Chunya kweli, lakini ng'ombe hawakuwahi kufika kwake. Kila chuo kilipofungua, baba yake alitoka na ng'ombe alfajiri, akawafikisha mnadani, akarudi na fimbo peke yake. Majirani walipouliza, akasema kawapeleka Chunya. Alikuwa Budeba mwenye kundi. Hakutaka watu wamhurumie. Na zaidi ya yote hakutaka huyu mtoto asome huku anahesabu kichwani ni ng'ombe gani amemla leo.

"Hata zile siku ulizopiga simu kwamba unataka kuacha," mama akasema, "alikuwa ameshamtoa maksai wake wa mwisho. Akaniambia, usimwambie, akijua ataacha kweli."

Sayi alitoka jikoni hajui ashike wapi. Akiwaonyesha, baba yake anaacha kuwa mwizi na kuwa masikini mbele ya kijiji kizima, siku hiyo hiyo, kwa mkono wa mwanawe. Asipowaonyesha, anatengwa. Alimtafuta baba yake amwombe ushauri, akaambiwa ameshatangulia.

Walikutana kwenye banda la video, maana kompyuta ilihitaji giza na televisheni kubwa. Banda lilikuwa la Zubery, mfanyabiashara kutoka Rujewa, ambaye siku hiyo alikataa kutoza kiingilio, jambo ambalo lilizungumzwa hata baada ya shauri. Wazee walikaa mbele kwenye mabenchi, wanawake nyuma, Mzee Budeba pembeni peke yake na fimbo katikati ya magoti. Mzee Saulo, mtemi, yaani mkuu wa sungusungu, akafungua shauri. Nashoni akasimama. Hakuwa na hasira usoni, na hilo ndilo lilimuumiza Sayi zaidi. Alikuwa na huzuni ya mtu aliyeibiwa na ndugu.

"Mimi sina maneno mengi," alisema. "Ng'ombe wangu namjua. Baka lake nalijua, na sikio lake nililikata mwenyewe, Budeba akiwa amemshika."

Sayi akaamkia, akaunganisha waya, picha ikajaa kwenye televisheni. Mbuga imefurika ng'ombe. Banda zima likaguna kwa utamu. Hata waliokuja kumhukumu Budeba walijisahau kidogo.

"Baba zangu," alisema, "hawa wengi wao hawajawahi kuzaliwa. Nimewafanya mimi. Mnaona hiki kialama cha jicho pembeni? Kila ng'ombe ana chake. Nikikibonyeza, anapotea."

Akambonyeza jike mwenye baka. Akapotea, nyasi zikabaki. Watu wakaguna. Akamrudisha, kisha akamgeuza: baka likaruka kushoto, pengo la sikio likaruka kushoto. Akamgeuza tena. Mama mmoja nyuma akasema wazi kuwa huo ni uchawi, akaambiwa anyamaze.

Nashoni alisogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Rudia," alisema. Sayi akarudia. Mzee akarudi kukaa taratibu, na ilionekana alitaka kuamini.

Lakini Mzee Saulo hakupewa utemi kwa bahati.

"Mwanangu, umegeuza wa kushoto akawa wa kulia. Vizuri. Na wa kulia si unaweza kumgeuza akawa wa kushoto? Tutajuaje yupi ndiye aliyekuwa mbugani?" Watu wakaitikia kwa sauti. "Tuonyeshe picha kama ilivyotoka kwenye kamera. Kabla hujaweka mkono wako."

Hapo ndipo alipokuwa akipaogopa. Sayi akaanza kuwazima. Wa mbali kabisa wakaondoka, upeo ukabaki mtupu. Wa katikati wakaondoka. Kila alipobonyeza, mbuga ilizidi kuwa kubwa na kundi kuzidi kuwa dogo, na minong'ono bandani ikaanza kupungua, kwa sababu watu wale walijua ng'ombe, na walishaanza kuona inakoelekea. Zikabaki safu za mbele. Kidole chake kikasimama.

Akageuka kumtazama baba yake. Gizani hakuona vizuri, aliona fimbo tu na mikono juu yake.

"Zima, mayu," Mzee Budeba akasema.

"Baba..."

"Nimesema zima. Waone."

Akazima. Picha mbichi ikabaki: mbuga pana, nyumba yao upande wake uleule ambao kila mtu bandani aliujua, na ng'ombe wachache waliokonda kidogo, kila mmoja na pengo kwenye sikio la kushoto. Yule mwenye baka alikuwa katikati yao, baka lake kushoto. Ilikuwa wazi kabisa, hata mtoto angeelewa. Hakuna aliyesema neno juu ya wizi. Walikuwa wanamtazama Budeba.

Ni Saulo aliyeuliza, na aliuliza kwa upole, si tena kama hakimu.

"Budeba. Wengine wako wapi?"

Sayi alitamani apasue kile kioo. Alisikia baba yake anainuka, akasikia fimbo inagusa sakafu. Mzee akapita katikati ya mabenchi mpaka alipo yeye, akasimama, na akanyoosha fimbo. Hakuinyoosha kwenye picha. Aliinyoosha kwa Sayi.

"Si hawa hapa," alisema. "Ndio wanaowaonyesha."

Gwakisa, kule mlangoni, alipenga kamasi kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia. Nashoni alikaa vilevile, anaitazama fimbo, anamtazama binti, kana kwamba anahesabu, kisha akainama na mabega yakaanza kutikisika. Watu walidhani analia. Alikuwa analia kweli, lakini alikuwa pia anacheka.

"Wote walikwenda chuoni?" aliuliza. "Hata maksai yule wa pembe za kupinda?"

"Huyo alikwenda mwaka wa mwisho."

"Budeba, binti yako anakula!" Banda likaangua kicheko, mpaka Saulo akapangusa macho. Nashoni akasimama, akamfuata rafiki yake, akaishika ile mikono na fimbo yake pamoja. "Nisamehe, ndugu yangu. Ungeniambia, si ningetoa hata mmoja wangu? Mtoto huyu nilimbeba mgongoni kuvuka mto, tukiwa tunakuja huku."

"Ndiyo maana sikukwambia. Ungetoa."

Saulo akatangaza kwamba shauri limekwisha na jina la Budeba ni safi, lakini hakuna aliyekuwa akimsikiliza. Watu walishakuwa wanagombea kumpa mkono. Mmoja baada ya mwingine walipita pia kwa Sayi, wakamshika kichwa, wakambariki kwa Kisukuma na kwa Kisangu, na wengine wakamwuliza kama mashine ile inaweza kumfanya mtu aonekane mnene kwenye picha ya kitambulisho.

Walipopungua, Sayi akapiga goti mbele ya baba yake, palepale kwenye sakafu ya vumbi ya banda la video. Alikuwa na maneno mengi. Alitaka kumwambia habari za zile asubuhi, kwamba kila siku anashukuru kabla ya kubonyeza na hakujua kuwa alikuwa anamshukuru yeye. Yote yakampotea, likabaki moja la kushukuru, la Kisukuma cha nyumbani.

"Mwabeja, baba."

Mzee Budeba akamshika kiwiko akamwinua, akamfuta vumbi magotini kwa kiganja chake kigumu.

"Mwabeja na wewe," alisema. "Hukuacha chuo."